Mlango wa Watawa

“Na mtu akiupiga kwa shoka?” Hussam aliuliza.

Pacifique aliinua uso kutoka kwenye bawaba. Kwa miaka tisa alikuwa akifunga vitu vya kale katika nyumba za London: meko za marumaru kutoka Ufaransa, nguzo za mawe kutoka Italia, mageti ya makasri yaliyobomolewa. Wateja humuuliza kitu kitapendeza wapi. Huyu aliuliza kuhusu shoka.

“Iko nguvu, patron,” alijibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu. “Shoka itavunjika kwanza.”

Mlango ulikuwa wa mwaloni, mnene, uliong’olewa katika nyumba ya watawa huko Ufaransa. Nyumba hii ya Stanmore ilijaa vitu vya namna hiyo. Bustanini peke yake palikuwa na masanamu sita ya mawe na chemchemi ya marumaru. Lakini mlango huu Hussam hakuutaka sebuleni, wageni wauone. Aliutaka ghorofani, kwenye chumba kidogo cha nyuma chenye kitanda kimoja na dirisha lisilopitisha mtu.

“Kitasa kifunguke kwa ufunguo tu,” alisema. “Ndani na nje.”

Joto la Julai lilikuwa kali, naye alikuwa amefunga vifungo vya shati hadi shingoni.

Mkewe, Najla, alileta chai. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bendeji. Alipoweka trei, kikombe kiligonga sahani. Hussam akatoka haraka.

Najla alisubiri hadi nyayo za mumewe zikafika chini.

“Kaka, funguo ziko ngapi?”

“Mbili, mama.”

“Nipe mmoja. Usimwambie.”

Pacifique alitazama bendeji. “Ni yeye amekufanya hivi?”

Najla aliinamisha kichwa. Chozi likadondoka kwenye trei.

Pacifique alimkumbuka dada yake kule Bukavu, aliyezikwa na majeraha ambayo hakuna aliyethubutu kuyaulizia. Hakufikiri zaidi. Alitoa ufunguo mmoja mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Najla kilicho kizima.

Alasiri kazi ilikwisha. Hussam alimsindikiza hadi kwenye vani barabarani, akigeuka kila mara kutazama madirisha ya nyumba yake. Pacifique alimkabidhi ufunguo bila kumtazama usoni.

Hussam aliupokea kwa mikono miwili. Kisha, polepole, akafungua vifungo vya shati. Kutoka shingoni hadi kifuani ngozi ilikuwa imebabuka, mbichi bado, kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

“Polisi nitawaambia nini, mwanamume mzima?” alisema. “Miaka kumi na moja ya ndoa, ndugu yangu. Lakini leo mke wangu akija na birika lake ataukuta mlango umefungwa. Leo nitalala.”

Akaufumbata ufunguo.

“Ni huu mmoja tu, sivyo?”