Kiti cha Pembeni

Siku hizi jino halizibwi kwa resini tupu. Huchanganywa na mate ya mtu aliye karibu nawe kuliko wote, yakiwa bado ya vuguvugu, la sivyo resini husinyaa ikikauka na kuacha ufa unaopitisha baridi. Ndiyo maana kila kliniki ya meno ina kiti cha pembeni. Mwanaidi alikikalia kwa ajili ya mumewe, Shomari, na resini ikasinyaa vilevile. Alimlaumu daktari.

Leo mezani Shomari alikuwa akitafuna barafu kama bisi.

"Jino limepona?"

"Nimeziba upya jana, mke wangu. Limekaa barabara."

"Kwa mate ya nani?"

"Ya mama."

Jana hiyohiyo mama mkwe alimpigia Mwanaidi simu ya video akiwa shambani kwake Pangani, mbali kabisa na kliniki. Kwa hiyo kuna mwanamke aliyekalia kiti chake, akaachama, akatema! Alijimiminia maji ya barafu, akapiga funda moja, na jino lake mwenyewe, lililozibwa kwa mate ya Shomari, likamchoma hadi utosini.