Jina kwa Wino Usiofutika

"Thelathini na minne!" daktari alipiga ukelele, kibanio mkononi. "Nyota-manyoya wote wa ghuba hii wana mikono ishirini. Hii ni aina mpya!"

Eneida, aliyekuwa akitayarisha vielelezo katika maabara ile ya Santa Marta tangu daktari mwenyewe ananyonya, aliitazama sinia. Mikono ya mnyama huyo wa baharini ilikuwa imelala kwenye spiriti, myekundu, myembamba kama manyoya ya shingoni mwa jogoo, yote imekatika. Katikati palikuwa na kiwiliwili kimoja.

"Daktari, walikuwa wawili. Uliwatia ndoo moja juani, joto likawazidi, wakaangusha mikono, mingine ikapotea. Kiwiliwili cha mwenzake ulikikanyaga mashuani kwa hivyo viatu vyako."

"Bibi, wewe osha chupa." Hata hakugeuka. "Sayansi tuachie sisi tuliosoma. Aina hii itaitwa kwa jina langu."

Hata mfagiaji wa pale alijua kwamba jina la heshima mtu hupewa na wenzake, hajipi mwenyewe. Eneida alimtazama kisogo chake kilichopakwa mafuta, na hamu yote ya kumwokoa ikamtoka. Nzi kufa juu ya kidonda si haramu.

Akafungua wino ule usiofutika hata kwa spiriti, akaivuta lebo, akauliza kwa adabu tele:

"Jina lako la ukoo, Daktari, mwishoni ni *s* au *z*? Lisije likakosewa, watu wakadhani ni mwingine."

"Ni *z*," alisema daktari, akinyoosha kola. "Na uandike kwa herufi kubwa."

Eneida akaandika kwa herufi kubwa.