Vasko Hakuugua

Saa moja kasoro dakika nne asubuhi, Len Vasko alipanda ngazi za kituo cha polisi akiwa na sare na chupa yake ya kahawa, kana kwamba ni siku kama siku nyingine. Marcy Dudek alimwona kutoka ndani ya gari lake, ng'ambo ya barabara.

Siku hiyo hakuna aliyetakiwa kuingia. Meya wa mji huo wa Ohio alitaka kuwanyang'anya polisi haki ya kujadili mikataba kupitia chama chao. Kugoma sheria inawakataza, kwa hiyo wote thelathini na mmoja walikubaliana kuugua: piga simu, kohoa kidogo, baki nyumbani. Marcy alikuwa ameshakohoa yake. Alikuja kuhakikisha hakuna atakayelegea, na aliyelegea ni mtu aliyepanda naye gari moja la doria kwa miaka tisa.

Tena Len! Kila Desemba majina hutiwa kwenye kofia ya Len kumpata wa kufanya kazi Krismasi. Len ndiye huchomoa, husoma, hukunja kikaratasi na kusema, "Mimi tena." Watu walishacheka bahati yake mbaya mpaka wakachoka, na yeye hajawahi kunung'unika.

Marcy alimpigia simu.

"Mzee, toka humo."

"Siumwi, binti."

"Nani kakwambia kuna anayeumwa? Toka kabla watu hawajakuona."

"Wasichana hawajambo?"

"Achana na wanangu. Zamu ya mchana nimeipata kwa mkataba huu. Chama kikifa nitapangiwa usiku, na wale nitamwachia nani?"

Len alisema ana kazi, akakata simu. Kikulacho ki nguoni mwako. Marcy alilia kwa hasira huku ameshika usukani.

Alasiri wakili wa meya alisimama mahakamani na kifungu ambacho polisi wengi hawakuwahi kukisoma: zamu ikikosa watu wote, huo ni mgomo, na chama kinafutwa. Hakimu aliomba kitabu cha mahudhurio, akapitisha kidole kwenye majina.

"Huyu Vasko ni nani?"

Basi haukuwa mgomo. Chama kikabaki.

Nje walikumbatiana, ila hakuna aliyemtaja Len kwa wema. "Kaenda kujipendekeza, kajikuta katuokoa," alisema Pruitt, wakaangua kicheko.

Kwa polisi wa huko msaliti huitwa panya. Kesho yake Marcy alinunua kipande cha jibini, akakibandika kwenye mlango wa kabati la Len, watu wakitazama. Len alikibandua, akakila.

"Kitamu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Marcy aliomba abadilishiwe mwenzake wa doria, akabadilishiwa siku hiyohiyo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Len alistaafu. Mkewe alileta keki. Ilikaa mezani mpaka jioni, akaondoka nayo nzima.

Jumatatu, muda wa meya kukata rufaa ulipokwisha, mwenyekiti wa chama, Greer, alimkuta Marcy akitupia vitu vya Len ndani ya boksi.

"Taratibu, Dudek," alisema. "Kifungu kile nilikiona siku moja kabla. Ilibidi mmoja aingie, na asijue mtu, la sivyo yule wakili angesema tumepanga. Niliandika majina yote, tukapiga kura mimi na Len, kwa kofia ileile ya Krismasi. Akachomoa yeye."

"Akasemaje?"

"Si unamjua. 'Mimi tena.'"

Marcy alikumbuka ile jibini, akaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Kofia ilikuwa chini kabisa ya kabati. Aliinua bitana yake iliyoachia, vikaratasi vikamwangukia mapajani: kumi, vimekunjwa vizuri, vingine vimeshageuka rangi. Alivifungua kimoja baada ya kingine.

Hakuna hata kimoja kilichoandikwa Vasko. Kile kipya, kwa mwandiko wa Greer, kiliandikwa Dudek.