Kiapo cha Mtu Asiye na Mtoto

Mlinzi wa amani aliisoma hati ya kiapo mara tatu, na mara zote tatu masikio yalimwaka moto.

"Ina kosa, mheshimiwa?" aliuliza karani kutoka meza ya pili.

"Haina."

Mbele yake alikaa mwanamke mzee, mkoba mapajani, mikono imechunika kwa miaka ya kufulia watu nguo. Makao ya wazee yalikuwa tayari kumpokea kwa sharti moja: aape kwamba hana mtoto wa kumtunza. Ilikuwa kazi ndogo. Kila asubuhi watu walikuja kuapa mbele ya mlinzi wa amani kuhusu majina yaliyokosewa na vyeti vilivyopotea. Yeye aliwasikiliza, akatia sahihi, akagonga muhuri.

"Nilitaka kwenda kwa yule wa mtaa wa pili," mzee alisema, kama anayeomba radhi. "Wameniambia amesafiri."

"Hakuna neno." Kalamu ilimponyoka, ikabingirika sakafuni. Aliinama kuifuata, akakawia huko chini.

Alipoinuka aliuliza, "Unajua kuapa uongo ni kosa?"

"Najua."

"Na hapa umeandika hujapata kuzaa."

Mwanamke alimtupia jicho karani, kisha akautazama ukuta. "Ningekuwa na mtoto, mheshimiwa, nisingelala kwenye stoo ya jirani."

Karani aliguna kwa huruma. Mlinzi wa amani aliisogeza hati pembeni. Angeweza kukataa kutia sahihi. Lakini karani angeuliza sababu.

"Inua mkono wa kulia," alisema.

Mzee aliapa kwa sauti thabiti, bila kumeza neno hata moja. Sahihi ya mlinzi wa amani ilitoka imepinda kama ya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akagonga muhuri.

"Asante, mheshimiwa. Mungu akuzidishie." Alijikongoja hadi mlangoni, akaufunga taratibu, kama anayemwacha mgonjwa amelala.

"Kuzeeka bila hata mtoto mmoja," karani alisema. "Mtihani huo."

Mlinzi wa amani aliitikia kwa kichwa, macho yake mezani. Miaka kumi na tisa iliyopita, alipokwenda kuposa, aliwaambia wakwe kwamba mama yake alishakufa. Leo mama yake alikuwa amekuja kuapa kwamba hakumzaa.