Mlango wa Kifaru

Wanyama walipoanza kuajiriana, Jogoo alipewa ulinzi wa usiku, na Bundi akapewa kazi ya kuwaamsha wenzake alfajiri. Jogoo alikoroma tangu magharibi, Bundi akasinzia jua likichomoza, na msitu mzima ukawa unaibiwa usiku na kuchelewa asubuhi.

“Nenda kwa bosi ukaombe tubadilishane,” Bundi alimsihi.

“Kwa Kifaru? Ile pembe unaiona lakini?”

Kila asubuhi Jogoo alifika mlangoni kwa Kifaru, akainua bawa abishe hodi, kisha akarudi nyumbani.

Usiku mmoja, Jogoo akiwa lindoni anakoroma, wezi waliung'oa mlango huo wakaenda nao. Asubuhi Jogoo alikuja kama kawaida, akakosa pa kubisha, akajikuta yuko ndani.

“Bosi, naomba kazi ya Bundi!” ikamtoka.

Kifaru akachungulia kutoka chini ya meza. “Kumbe ni hilo tu? Siku zote nataka kukuhamisha, lakini nani athubutu kukuambia? Huo mdomo wako unauona lakini?”

Usiku uliofuata Bundi aliwanasa wezi, akaurudisha mlango.

Kifaru aliutazama, akaagiza upasuliwe kuni.