Birika Lilipoacha Uchungu

Siku hizi birika ndilo tabibu wa nyumba. Ukilishika, linapima mapigo yako kama waganga wa China walivyopima kwa vidole, kisha linachemsha mizizi ya kwao na mwarobaini wetu.

Leo lilimmiminia Bi Msimu maji ya asali matupu.

“Nimepona! Onja, mwanangu!”

Mwanakombo, mke wa mwanawe, alionja. Birika huacha kumpa dawa aliyepona, na pia yule ambaye dawa haimfai tena. Miguu ya mama ilikuwa imevimba zaidi kuliko jana.

“Tamu, mama.”

Akaenda jikoni na kikombe, akakikamulia majani ya mwarobaini, akamrudishia.

Bi Msimu alikunywa, akakunja uso, akamtazama sana.

“Na kesho nikamulie,” alinong’ona. “Birika lisijue.”