Koki ya Jikoni

Haki ya Mungu, hili sitii chumvi hata chembe. Siku hizi nyumba zinasikia, zinaongea na kujifunga zenyewe. Ukiipangisha, nyumba inaendelea kuishi. Ukiiuza, mnunuzi anaifuta akili yote, nayo inakufa.

Mimi na mke wangu, Mama Sikudhani, tulikuwa tunahamia Muscat kwa binti yetu. Nyumba nilishaiuza kimyakimya. Mlangoni nikaidanganya, "Tumekupangisha kwa mwalimu mmoja mpole, mfuga kuku."

"Vizuri, mzee," ikajibu. "Sasa huyo mwalimu atapata wapi maji, na koki ya jikoni umeing'oa, iko kwenye begi?"

Mama Sikudhani akanikata jicho. "Si nilikwambia uiache hiyo koki? Baba Sikudhani, omba radhi!"

Mimi nikacheka. Mlango ukafunguka, mke wangu akatangulia na mizigo, ukajifunga mbele ya pua yangu.

"Yeye hakunidanganya," nyumba ikasema. "Wewe kaa. Nisimulie habari za huyo mwalimu."

Ndege iliondoka zamani. Mwalimu sasa ana wake wawili na kuku hawahesabiki, na bado nasimulia. Kila nikinyamaza, kuta zinasogea.